Nyekundu Aliyoitafuta Fundi

Ukitoka stesheni ya Voi kuelekea mtaa wa Kaloleni miaka ile, nyumba yake hukuweza kuipita bila kuiona. Si kwa uzuri. Ukuta wote wa upande wa jua ulipigiliwa vipande vya mbao, virefu na vifupi, vyeusi, vya kahawia, vyekundu, na vingine vilivyochakaa hata hujui vilianza na rangi gani. Kila kipande kilifunikwa nusu ya juu kwa bati, nusu ya chini ikaachiwa jua na mvua. Watu waliiita nyumba ya viraka. Nilipofika pale nikiwa bibi harusi, nimeshuka kutoka milimani na sanduku langu moja, nilimwuliza mume wangu kama huyu jirani yetu ana akili timamu. Akanijibu, "Huyo ndiye Fundi. Ukimwuliza swali usingoje jibu umesimama. Tafuta kiti."

Jina lake lilikuwepo, na karani wa reli alikuwa nalo kwenye karatasi zake, lakini mtaani alikuwa Fundi tu, kana kwamba Voi nzima haikuwa na fundi mwingine. Kazi yake ilikuwa rangi za mbao za nje: milango, madirisha, nguzo za baraza, mageti, viti vya watu kungojea treni. Mbao za ndani hakuzigusa. Alisema zinadekezwa.

Siku hizo wengi wetu tulijua rangi ya kopo, ile nzito inayofunika mbao mpaka huoni tena kama ni mvule au ni sanduku la chai. Fundi aliidharau. Yeye alikuwa mtu wa kunywesha. Alichanganya rangi nyepesi na mafuta, akaipaka kwa kitambaa, mbao ikainywa, na mistari yake ikaonekana kuliko mwanzo. Jua likija halikukuta ganda la kubandua. Hilo nililielewa upesi. Lililonichukua muda ni namna alivyochagua rangi yenyewe, maana hakuchagua. Alianika.

Ukienda kwake unataka mlango wako uwe wa kahawia, alikuuliza mlango unatazama wapi. Jua la asubuhi au la jioni? Mvua inaufikia? Mbuzi hulala hapo? Kisha alikata vipande vitatu vya mbao ya aina ile ile, akavinywesha rangi tatu, akavipigilia ukutani kwake, akakuambia urudi masika yakiisha. Ukinung'unika, alikupeleka kwenye vipande vya zamani, akainua kibati. "Hii ya juu ndiyo uliyoipenda," alisema. "Hii ya chini ndiyo utakayoishi nayo." Watu waliondoka wakisonya. Wengi walirudi.

Kulikuwa na mwenye duka mmoja, Mhindi mnene mwenye haraka, aliyetaka milango ya duka lake iwe ya kijani kabla ya sikukuu. Fundi alimwambia kijani kile kitakuwa rangi ya mavi ya ng'ombe ifikapo Desemba. Mwenye duka akatafuta mtu mwingine, milango ikapakwa, ikang'aa, akatualika tuje kuitazama. Mwezi wa kumi na moja alikuja mwenyewe nyumba ya viraka, amekunja uso. "Fundi, wewe ulisema Desemba. Imekuwa Novemba." Fundi hakuinua kichwa. "Nilikuwa nakuonea huruma," akasema. Baba Mghoi, ndiye mume wangu, alikuwa akirudia maneno hayo kila chakula kilipoungua.

Nyeupe ndiyo rangi aliyoicheka zaidi. "Ukichagua nyeupe hapa Voi umechagua nyekundu, ila polepole." Mgeni hakuelewa. Sisi tuliokuwa tukifua tulielewa sana. Vumbi la Voi halina simile; linaingia kwenye kitanda cha mtoto, kwenye unga, kwenye Biblia. Ndovu wenyewe wa kule ni wekundu. Shuka jeupe unalianika asubuhi, mchana unalianua likiwa na haya. Fundi aliona ni upumbavu mtu kupigana na jambo kama lile kwa brashi, na alisema hivyo mbele ya mchungaji siku mchungaji alipotaka mlango wa kanisa uwe mweupe. Ulifanywa wa kahawia.

Alikuwa mrefu, tena mwenye hatua za ajabu. Nikitoka naye sokoni na kikapu ilinibidi nikimbie kidogo kila baada ya hatua tatu, na nikimwambia apunguze alipunguza kwa muda wa kusema "samahani" kisha akaondoka tena. Hilo lilinishangaza. Mtu aliyewaambia wenzake wangoje mwaka mzima kwa sababu ya dirisha, yeye mwenyewe alikula akiwa amesimama na alitembea kama anafukuzwa. Mlango wake pia ulikuwa mtupu. Alipaka milango ya nusu ya mji, wake ukabaki mbao ya kijivu iliyopasuka, na ukimtania kuhusu huo mlango alikuambia bado anafikiri.

Kupima kama mbao imekauka hakutumia kidole. Aliweka shavu. Ungemkuta stesheni ameinama, shavu lake kwenye kiti, macho yamefumbwa, abiria wakimtazama. Nilimwuliza kwa nini. Akasema mkono wa fundi umegusa vitu vingi mno, umeshakuwa mwongo, lakini shavu halijajifunza.

Miaka ile ya hali ya hatari, wakoloni walipokuwa wakiwafunga watu kwa maelfu, walimchukua wiki tatu kwenda kupaka nguzo za kambi ya wafungwa, njia ya Nairobi. Treni zenye madirisha ya waya zilikuwa zikipita Voi na sisi tukijifanya hatuzioni. Aliporudi nilimpelekea uji, nikamwuliza huko alipaka rangi gani. Akaniambia mkubwa wa kule alimwuliza ni rangi ipi itakayodumu zaidi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alidanganya kuhusu mbao. Uji aliuacha.

Nyuma ya nyumba alikuwa na madebe ya udongo. Udongo wa Voi, udongo wa Maungu, udongo mweusi wa kwetu milimani. Ule wa Maungu ndio alioupenda, na mara kwa mara alipanda treni ya mizigo kwenda kuuchukua, akarudi na gunia, akauchekecha kwa kitambaa mpaka ukawa laini kuliko poda. Mikono yake ilikuwa myekundu hadi vifundoni siku zote za juma, Jumapili pia. Nyuma huko huko alikuwa amezika vipande vya mbao vimesimama ardhini nusu nusu, safu nzima. Nilidhani ni uzio wa kuku ambao hakuumaliza.

Sasa niseme la kwangu, maana bila hilo nisingemjua.

Mghoi wangu alikuwa na miaka mitatu. Homa ilimshika Jumatatu, Alhamisi tukamzika. Ilikuwa katikati ya masika, barabara ya kupanda milimani imekatika, na maiti ya mtoto haingojei barabara. Tukamzika Voi, kwenye makaburi nyuma ya mji, mahali pa vichaka na udongo mwekundu. Wiki mbili baadaye mama mkwe akapata njia, akashuka. Hakulia. Alisimama pale akatazama pande zote, akasema, "Mmemzika porini. Mtampoteza."

Maneno hayo hayakunitoka. Yalikuwa ya kweli, na hicho ndicho kilichoniuma. Pale makaburini hapakuwa na orodha wala mlinzi. Ua ulikuwa umesukumwa na ndovu. Misalaba ya mbao ililiwa na mchwa kuanzia chini, ikaanguka, watu wakaiokota kuni bila kujua ni nini. Mtu akizikwa pale na alama yake ikaondoka, anabaki chini ya nyasi na hakuna anayeweza kukuonyesha ni wapi. Nilitaka kitu kimoja tu duniani: nikirudi siku yoyote, hata nikiwa kikongwe, nimkute mwanangu alipo.

Seremala wa reli alitutengenezea msalaba mdogo wa msonobari. Nikaubeba mwenyewe mpaka nyumba ya viraka.

"Nataka nyeupe," nikamwambia.

Fundi aliupokea kwa mikono miwili, akauweka shavuni kama kawaida yake. "Nyeupe hapana, Mama Mghoi."

"Sikukuuliza, Fundi. Nimekuambia."

"Mchwa wa pale watakula msonobari huu kama mkate. Nyeupe haiwazuii. Kahawia haiwazuii. Kinachowazuia ni kile pale." Akaonyesha debe lililokuwa pembeni peke yake. Ilikuwa ile dawa nyeusi ya kupaka nguzo za simu, inayonuka lami na moshi, ukiishika leo unainusa mpaka kesho kutwa.

"Hiyo ni ya nguzo."

"Ndiyo maana nguzo zimesimama."

"Basi paka dawa yako, kisha juu yake unipakie nyeupe."

"Itapanda," akasema. "Ile nyeusi hupanda juu ya kila rangi. Mwezi mmoja tu, utakuta madoa, utadhani msalaba unaumwa."

"Ni mtoto wa miaka mitatu, Fundi. Unataka nimwekee nguzo ya simu?"

"Nataka usimame."

Hasira ilinipanda mpaka machoni. Nilikuwa nimelala siku ishirini bila kulala. Nikamwambia, na watu walikuwa wanapita, "Wewe unajua mbao tu. Hujazika mtu wewe, ndiyo maana."

Aliulaza msalaba juu ya meza polepole. Akaingia ndani, nikamsikia akifungua sanduku. Akatoka na kitu kidogo kimefungwa kwenye kitambaa. "Twende," akasema, na kwa mara ya kwanza alitembea kwa mwendo wangu.

Makaburini alinipitisha kaburi la Mghoi, akaenda mbele kuelekea kilimani, akasimama kwenye tuta lililokuwa limezama, lenye nyasi na jiwe dogo upande wa kichwa. Akafungua kitambaa. Ndani kulikuwa na kibanzi cha mbao, urefu wa kidole, upande mmoja mtupu umeliwa, upande wa pili mwekundu, wekundu mzuri sana, wenye kina, mistari ya mbao ikionekana ndani yake.

"Huyu ni mke wangu," akasema. "Na hiki ndicho kilichobaki kwenye msalaba wake."

Nilikuwa nimekaa jirani naye zaidi ya miaka mitatu na sikujua kwamba aliwahi kuoa. Sikuwahi kuuliza. Nilimtania kuhusu mlango, nilimtania kuhusu mwendo, nikala ndizi zake, na sikuuliza. Niliona aibu ambayo bado ninayo.

Alinisimulia akiwa amechutama, anang'oa nyasi. Mkewe hakuipenda ile harufu ya dawa. Alimvulisha shati nje ya mlango kila jioni, akalitundika kwenye mti, akasema hataki nguzo ndani ya nyumba yake. Alipougua na kujua haponi, alimwambia, "Usije ukaniwekea nguzo." Fundi akamwahidi nyekundu ya Maungu, kwa sababu Maungu ndiko walikokaa walipooana, kwenye kibanda kando ya reli, na yeye mkewe ndiye aliyekuwa akipaka ukuta wa kibanda kwa udongo ule kwa mkono. Basi alipomzika, Fundi alikoroga rangi siku mbili tu. Hakuanika. Hakungoja masika. Ukatoka msalaba ambao watu walikuja kuutazama. Haukufika mwaka na nusu. Asubuhi moja aliukuta umelala, alipouinua ukavunjika mkononi, ndani hakuna kitu, umebaki ngozi ya rangi tu.

"Mbona hujamwekea mwingine?" nikamwuliza.

"Natafuta." Akanielezea ile safu ya nyuma ya nyumba niliyodhani uzio wa kuku. Ilikuwa nyekundu ya Maungu na chumvi, nyekundu na majivu, nyekundu na mwarobaini uliochemshwa, nyekundu juu ya ile nyeusi mara tatu, mara tano, na nta katikati. "Nyeusi inazuia mchwa, lakini nilimwahidi. Nyekundu ndiyo niliyomwahidi, lakini mchwa wanaila. Nikiipata moja inayoweza yote mawili, nitamwekea siku hiyo hiyo."

"Umetafuta muda gani?"

"Mwaka wa sita huu."

"Na usipoipata?"

Aliendelea kung'oa nyasi. Mimi nilitaka kumwambia aweke hata jiwe kubwa, aweke chochote, lakini mtu niliyemtukana asubuhi nitamfundisha nini mchana? Tukarudi mjini na nikamwambia apake nyeusi.

Aliutia mguu wa ule msalaba kwenye debe la dawa siku tisa. Akaupaka mwili mzima, akauanika, akarudia. Siku ya kuusimamisha alikuja amevaa koti. Alichimba mwenyewe, akashindilia udongo kwa kisigino, akaegemea msalaba kwa uzito wake wote kuona kama utatikisika. Ulikuwa mbaya, sitadanganya. Mweusi, unanuka, pale katikati ya vijiti vya watu. Mama mkwe alipouona safari iliyofuata alisema, "Nani amekufa, posta?" Lakini aliushika, akausukuma, haukutikisika.

Baada ya kuusimamisha, Fundi alisimama na mgongo wake kwenye msalaba wa Mghoi, akaelekeza uso kilimani, akaanza kutembea kwa zile hatua zake, midomo ikihesabu. Alifika kwenye tuta la mkewe. "Arobaini," akasema kutoka kule.

"Unahesabia nini?"

"Kwa sababu huo wako hautaanguka."

Masika yaliyofuata yalikuwa ya kutisha. Maji yalishuka kilimani siku tatu, yakabeba vichaka, yakabeba mbuzi, yakapita juu ya makaburi. Yalipokauka tulikwenda sote, mimi, Baba Mghoi na Fundi. Hapakuwa na tuta hata moja. Ardhi ilikuwa imelala sawa, imetandazwa matope mekundu, kama sakafu iliyosiribwa jana. Vijiti vyote vilikuwa vimekwenda. Msalaba wa Mghoi ulisimama peke yake, mweusi, na nyasi kavu zimejisokota mguuni.

Nililia kwa furaha, Mungu anisamehe, nililia kwa furaha mbele ya mtu yule. Yeye alikuwa tayari ameweka mgongo wake pale. Akahesabu arobaini, akiruka madimbwi, akafika mahali pasipo na kitu, akatafuta jiwe, akalipanda. Nilimfuata nikitaka kumfariji. Nikasema ovyo, kama watu wasemavyo, kwamba subira huvuta heri.

"Yangu ilivuta mvua," akanijibu.

Mwaka uliofuata Baba Mghoi alihamishiwa Taveta. Nilipokwenda kuaga, Fundi aliniomba nimpelekee udongo wa kule, wa kijivu, labda una kitu. Nikasema nitaleta. Sikuleta. Kule Taveta kuna maji, kuna ndizi, nilizaa mara mbili zaidi, na watu walianza kuniita kwa jina la mwanangu wa pili, kwa wema wao, ili nisikumbuke. Nilikumbuka kila siku. Na kila siku nilimwona yule mtoto chini ya kitu cheusi. Sikuwahi kuikubali ile rangi. Nilijiambia miaka imepita, dawa imekauka, sasa itakubali kufunikwa.

Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kwenda Voi, miaka ya hamsini ikielekea mwisho, nilinunua kopo la rangi nyeupe na brashi, nikavifunga kwenye leso, nikapanda treni.

Nilipita nyumba ya viraka kwanza. Ukuta ulikuwa mtupu, umebaki misumari. Mwanamke aliyekuwa akichambua mchele mlango wa jirani aliniambia, "Mzee? Yuko makaburini. Kila siku jua likipungua anakwenda. Tunamkataza, hasikii."

Nilimkuta amepiga magoti kwenye msalaba wa Mghoi, shavu lake juu ya mbao, macho wazi. Macho yenyewe yalikuwa meupe. Mtoto wa jicho alikuwa ameyafunika yote mawili. Nikapiga hodi, pale nje, kwenye nyika, nikapiga hodi.

"Mama Mghoi," akasema. Hakuna aliyekuwa ameniita hivyo kwa miaka.

Tulikaa. Aliniuliza kama watoto wazima, kama Baba Mghoi bado anachelewa kula. Aliniuliza kuhusu udongo wa Taveta, nikamwambia nilisahau, akasema si neno, sasa hata angeletewa asingeuona. Ukutani alizing'oa mbao mwenyewe siku alipogundua anazitambua kwa mahali tu, si kwa rangi. Kisha akauliza, "Huu bado ni mweusi?"

"Bado."

"Umeinama?"

"Haujainama, Fundi."

Akatikisa kichwa, ameridhika. Akainuka kwa fimbo, akaweka mgongo wake kwenye msalaba, akatafuta upepo wa kilimani kwa uso, akaanza. Nilimfuata nyuma. Moja. Mbili. Yule mtu niliyekuwa nikimkimbilia sokoni alikuwa akivuta mguu baada ya mguu, unyayo karibu unakanyaga unyayo. Mbele yake, kwenye mstari ulionyooka, niliona mawe. Hayakuwa ya bahati, yalipandwa na mkono. Moja karibu, lingine mbele yake kidogo, lingine mbele zaidi, na moja mbali kabisa, limezama, limekuwa jekundu kama ardhi. Nikayahesabu. Yalikuwa sita.

Nikaelewa. Kila masika yakishapita alikuja kuhesabu upya, na kila mwaka arobaini zake zilikuwa fupi zaidi. Macho yalipokuwa yakififia hakuliona jiwe la mwaka uliopita, ambalo lilikuwa mbele yake. Alipanda jipya, nyuma zaidi. Mkewe alikuwa akimjia mwaka baada ya mwaka, kumbe si mkewe.

"Arobaini," akasema. Alisimama kwenye jiwe la karibu. Akavua kofia. "Nimefika?"

Ningeweza kusema amefika. Angeridhika, angerudi nyumbani, nani angeumia? Lakini nilikumbuka kibati kikiinuliwa. Mtu huyu alituonyesha sisi sote upande wa chini hata tulipomchukia kwa hilo.

"Bado, Fundi," nikasema. "Ongeza."

"Zilikuwa arobaini."

"Zilikuwa arobaini za miguu ya wakati ule."

Upepo ulimtikisa koti. Nikadhani hakunisikia, nikataka kurudia.

"Mbao zote nimezianika," akasema. "Jua lake, mvua yake, vumbi lake. Miguu yangu sikuianika." Akageuza uso huku na huku. "Sasa miaka hii yote nimekuwa nikimsalimia nani?"

"Sijui, Fundi. Mtu ambaye hasalimiwi."

Nikamshika mkono. Tulipita jiwe la pili, la tatu, la nne. Sikuhesabu, naye hakuhesabu. Tulipofika lile la mwisho, lile nililomwona akilipanda kwenye matope mwenyewe, nikamwambia, "Hapa. Hili ulilipanda siku ile, mimi nikiwepo." Sikuwa na hakika hata hapo. Maji yalikuwa yamepita kabla ya lile jiwe. Nilimwambia hilo pia. Akasema wawili tukikosea pamoja inatosha. Akapiga magoti, akalitafuta jiwe kwa mikono, akaweka shavu.

Alipoinuka alikuwa na vumbi jekundu nusu ya uso. "Umebeba nini kwenye leso?" akauliza. "Nasikia kopo."

"Rangi. Nilikuja kumpakia Mghoi." "Nyeupe."

Nilingoja anicheke. Hakucheka. Alikaa na mkono wake juu ya jiwe, anafikiri kwa ule ufikirifu wake wa kukalisha watu, na kutoka tulipokuwa nikautazama msalaba wa mwanangu, mweusi, wima, kitu pekee kilichosimama pale pote. Nikajua sitaugusa.

"Jiwe halina mchwa," akasema hatimaye.

"Halina. Mbona hukulifikiria siku zote hizo?"

"Mimi ni mtu wa mbao, Mama Mghoi." Kisha akasema, sauti chini, "Lipake hili. Lipake nyeupe."

"Nyeupe, Fundi? Wewe? Ulimwahidi nyekundu."

"Paka wewe. Voi itamalizia."

Nikafungua kopo, nikapaka lile jiwe pande zote, yeye ameshikilia leso. Jioni ile upepo ulikuwa mwingi. Nilipotia brashi mara ya mwisho, upande nilioanza nao ulikuwa umeshaanza kushika vumbi.